Taimusheya ni kitega uchumi?

Wadau, ndugu walioko Uingereza wananiuliza sana kuhusu taimusheya. Jibu langu: si kitega uchumi. Unalipia haki ya kukaa kwenye nyumba ya likizo, kwa kawaida wiki moja kila mwaka. Ada ya matunzo inakuja kila mwaka, uende usiende, na mara nyingi inapanda. Ukitaka kuuza, bei huanguka vibaya. Nyingine hata kwa bure hazipati mtu.

Umeshasaini? Sheria ya Uingereza ya 2010 inakupa siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata peni moja. Kule Florida, Marekani, ni siku 10. Jitoe kwa maandishi, simu peke yake haitoshi. Mnasemaje wadau?