Tone la damu kabla ya kisu

Wasomaji wetu, wengi kati yenu mmekwisha kumpeleka ndugu hospitalini apasuliwe, mkaona daktari hashiki kisu upesi. Kwanza mgonjwa achomwa sindano, damu yake yapimwa, na pengine jamaa waambiwa: «Damu ni kidogo, tungoje.» Hapo watu hununa. Basi tutazame desturi hiyo imetoka wapi.

Ndani ya damu mna kitu chekundu kiitwacho hemoglobini, nacho ndicho kinachobeba hewa tunayovuta na kuieneza mwilini mwote. Aliyepungukiwa nacho aweza hata kwenda sokoni. Lakini akilala juu ya meza ya kupasuliwa na kupoteza damu nyingine, moyo waelemewa. Zamani waganga walifunua kope za mgonjwa na kutazama kama ndani pana weupe, basi. Mwaka 1878 Mwingereza William Gowers alitengeneza chombo cha kupimia. Mwaka 1900 Tallqvist, mtu wa Finland, akaleta njia rahisi kupita zote: tone moja ladondoshwa juu ya karatasi, kisha rangi yake yalinganishwa na madoa mekundu yaliyochapwa. Haikutaka mashine wala umeme, wala fedha nyingi. Ubaya wake, macho ya watu wawili hayaoni wekundu ule ule.

Mwaka 1942 waganga wawili wa Mayo Clinic huko Marekani, Adams na Lundy, waliandika juu ya wagonjwa wenye hatari kubwa katika kupasuliwa. Walishauri kwamba hemoglobini ikiwa chini ya gramu 8 hadi 10 katika mililita 100 za damu, ni vema mgonjwa aongezewe damu kwanza. Lilikuwa shauri la watu wenye mazoea ya kazi, si jambo lililojaribiwa. Lakini waliowafuata waliishika ile 10 kama amri, na kwa miaka mingi mtu mwenye gramu 9 aliongezewa damu hata kama hakuonyesha shida yoyote.

Halafu ukaja ukimwi. Kinshasa, watoto walioishiwa damu kwa malaria walikuwa wakiongezewa damu ili wapone, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba wengine waliambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Dawa ikawa mlango wa ugonjwa! Sasa swali likawa zito: je, ile 10 ni ya lazima kweli?

Mwaka huo huo wa 1988 daktari Carson na wenzake wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 125 waliopasuliwa bila kuongezewa damu, kwa sababu dini yao iliwakataza. Katika wale waliokuwa na zaidi ya gramu 10, walikufa 7 hivi katika kila 100. Katika wale wa chini ya 6, zaidi ya 61 katika 100. Hatari ni ya kweli, basi, wala tusiwacheke waganga wanaopima. Lakini hakufa hata mmoja aliyeanza na gramu 8 au zaidi na kupoteza chini ya mililita 500. Namba haisemi yote; kiasi kinachomwagika chasema pia.

Mwaka 2011 Carson alitangaza jaribio jingine, la watu 2,016 waliopasuliwa nyonga. Waliongojewa hadi gramu 8 ndipo waongezewe damu hawakupata hasara kuliko wale wa 10.

Ndiyo sababu siku hizi, upasuaji ukiweza kungoja, mgonjwa hupimwa majuma kadhaa mbele, atibiwe malaria na minyoo, apewe vidonge vya chuma, damu yake ipande yenyewe. Mama anayetokwa na damu katika uzazi hangojewi namna hiyo. Kwake tone lile hupimwa mbio ili lijulikane kundi la damu yake, na ndugu zake huitwa watoe yao.