Kabla Hujaifuta Hiyo Muvi, Uliza Nani Kapiga Kura

Wadau, hapa Matsangoni naona hii tabia kila wikendi. Mtu ametumiwa muvi kwa simu, hata hajaifungua, kashakimbilia IMDb. Akikuta alama ziko chini, anaifuta. Ngojeni kwanza. Hizo alama zina historia yake.

IMDb ilianzishwa 1990 na Col Needham, mpenzi wa filamu kutoka Uingereza. Amazon wakainunua 1998. Ukiwa na akaunti tu, unatoa alama, 1 mpaka 10. Hakuna anayekuuliza kama umeitazama picha yenyewe.

Sasa njoo kwa Gunday, picha ya Kihindi ya 2014, ya kina Ranveer Singh na Priyanka Chopra. Mwanzo wake ulieleza vita vya 1971 kana kwamba ni India na Pakistan pekee waliopigana, ndipo Bangladesh ikazaliwa. Wabangladeshi wakawaka, na walikuwa na sababu: wao walikuwa wakipigania uhuru tangu Machi, India ikaingia rasmi Desemba. Wakaitana mtandaoni, wakaimiminia alama 1. Kura zikapita 40,000 na Gunday ikaanguka mpaka 1.4, mkiani kabisa. Yash Raj, kampuni iliyoitoa, ikaomba radhi.

Hasira ilikuwa ya haki. Lakini ile 1.4 haikuambii lolote kuhusu uigizaji, nyimbo wala ngumi.

Na sifa je? Mwaka 2001 jarida la Newsweek lilifichua kwamba David Manning, mhakiki aliyekuwa akisifu filamu za Sony kwenye matangazo, hakuwepo duniani. Sony wenyewe ndio waliomtunga!

Kwa hivyo alama zitazame, lakini usiziabudu. Angalia kura ni ngapi. Ukiona karibu zote ni 1 au 10, jua hapo kuna vita, hakuna uhakiki. Na filamu zetu za Kenya nyingi zina kura chache, watu wachache tu wanatosha kuizamisha moja.

Kwenye vibanda vya vidio hatukuuliza nyota. Tuliuliza kama ni DJ Afro anayesimulia, kwa sababu ladha yake tunaijua. Wewe pia tafuta watu wawili watatu unaojua ladha yao. Halafu ipe picha dakika ishirini, uamue mwenyewe.

Niambieni: ni muvi gani ina alama mbovu na nyinyi mnaipenda?