Mashuka Juu ya Viti

Katika London ya karne ya 19, nyumba iliandaliwa tangu jioni. Moto uliachwa uzimike ili dohani ipoe usiku kucha, zulia likakunjwa, viti vikafunikwa mashuka. Alfajiri mfagia dohani alibisha hodi na magunia yake ya masizi, na mtoto. Pazia lilitundikwa mbele ya meko. Nyuma yake mtoto akapanda gizani kwa magoti na viwiko, mara nyingi katika njia ya sentimita 23 kwa 36.

Brashi ndefu za kazi hiyo zilikuwapo. Mwaka 1840 sheria ilikataza aliye chini ya miaka 21 kupanda. Lakini wenye nyumba wengi, mahakimu wakiwemo, waliendelea kumtaka mtoto: dohani zao zilikuwa na kona, na brashi, walidai, ingechafua zulia. Zulia lile lile lililokwisha kukunjwa! Hapo ndipo hasira yangu huanzia.

Februari 1875 George Brewster, mwenye miaka 11, alikwama katika dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Ukuta ulibomolewa kumtoa, akafa muda mfupi baadaye. Mwaka huohuo Bunge lilimtaka kila mfagiaji awe na kibali cha polisi.