Elimu ya Biashara ni Mali Yetu: Kutoka Mgunda Mkali Hadi Singida ya Leo



Kila mwaka vijana wamalizapo masomo ya sekondari, liko swali lizungukalo katika nyumba zetu za Pwani. Mtoto amepata nafasi ya kusoma shahada ya uhasibu au ya biashara, pengine katika kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, na miongoni mwa masomo ya mwanzo limo somo la uchumi wa biashara. Mzazi huuliza: Je, elimu hii si ya Wazungu? Si mlango wa riba? Na huko bara, yapata kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, aifuate kwa lipi? Maswali haya si ya kudharauliwa, na jawabu lake limo katika historia.

Fahamu kwanza kwamba nchi hiyo si ngeni kwetu. Sehemu za Manyoni na Itigi, ambazo leo zimo katika Mkoa wa Singida, ndizo wazee wetu walizoziita Mgunda Mkali. Misafara ya karne ya kumi na tisa ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo ikilipa hongo, kisha ikaingia katika vichaka vile vikavu, siku nyingi maji ya shida, hadi ikatokea Unyanyembe, yaani Tabora. Wapagazi walichukua shanga, masango na vitambaa vya merikani, wakarudi na pembe za ndovu.

Basi tazama hiyo merikani. Jina lake latokana na Marekani, nchi iliyofanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, pamba iliadimika, bei ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaingia kujaza pengo. Mnunuzi wa bara, asiyepata hata kuisikia Marekani, aliguswa na vita vile. Hayo ndiyo afundishwayo mwanafunzi siku za mwanzo: bidhaa ikipungua na wanaoitaka ni wale wale, bei hupanda, na kitu kikiwa ghali, watu hutafuta badala yake. Wazee wetu waliyajua hayo kwa miguu yao. Mwanafunzi wa leo huyajua kwa kalamu.

Wala elimu hii haikuanzia Ulaya. Bei zilipopanda Madina, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliombwa apange bei, naye akakataa, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kukunja na kukunjua riziki, na kwamba yeye atarajia kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma. Lakini hakuliacha soko bila ulinzi. Alikataza kuhodhi chakula ili kipande bei. Alikataza pia kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni, kwa sababu mwenye mali hajaijua bei, naye hupunjwa. Miaka mingi baadaye Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 namna kazi inavyogawanywa baina ya watu, kwa nini chakula huwa rahisi katika mji mkubwa na vitu vya anasa huwa ghali, na jinsi kodi ikizidi mno mapato ya dola yanavyopungua. Basi mtoto akisoma hayo chuoni, huo ni urithi wake.

Tazama sasa Singida yenyewe, nchi ya alizeti, vitunguu na asali. Mlanguzi amfuataye mkulima shambani, akanunua kwa sababu mkulima hajui bei ya mjini, anafanya lile lile lililokatazwa Madina. Na anayejaza gunia la vitunguu kwa lumbesa, kisha akalilipia kama gunia moja, na asome Suratul Mutaffifin. Kijana aliyesoma uchumi na akawa na dini ataiona dhulma hiyo kwa macho mawili.

Na tusijifiche nyuma ya sifa. Misafara ile ile ya Mgunda Mkali iliwafunga watu minyororo, na katika wenye misafara walikuwamo Waislamu waliokuwa wakisali. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Walijua hesabu ya faida, wakaisahau hesabu ya Akhera. Elimu ya biashara isiyo na uadilifu ni kisu mkononi mwa mwenye hasira.

Lakini ujinga nao una maafa yake. Huko Unguja na Pemba, wenye mikarafuu walikopa kwa kuweka mashamba rehani, mavuno baada ya mavuno. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya kudorora kwa uchumi wa dunia baada ya 1929, madeni yaliwalemea, hata ikabidi mwaka 1934 serikali ya wakati huo ipitishe sheria za kuzuia mashamba yasihame mikononi mwao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla yao Qur'ani, katika Aya iliyo ndefu kuliko zote, imetuamrisha kuyaandika madeni na kuweka mashahidi.

Imebaki riba. Ni kweli, mwanafunzi atafundishwa hesabu zake. Lakini kuijua riba si kuila. Tabibu huijua sumu ili amwokoe aliyeinywa. Amana Bank ilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, ikifuata misingi ya Kiislamu, kazi ile ilihitaji watu waijuao mudharaba na waijuao hesabu ya benki pia. Watu hao hawaoti kama uyoga. Hulelewa nyumbani na husomeshwa chuoni.

Kwa hiyo, ewe mzazi, mwache mtoto aende, wa kiume na wa kike, Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume alisafiri kwa mali yake. Ila kabla hajapanda basi, msomeshe mlango wa kuuza na kununua katika fiqhi, ajue mauzo ya halali, rehani na ushirika. Akirudi likizo, usimwulize alama zake tu. Mpe daftari la duka au la shamba, mwambie: nionyeshe hapa ni wapi tunapunjwa, na ni wapi sisi tunapunja. Jawabu lake ndilo litakalokuambia kama safari yake ya Singida imezaa matunda.

Wabillahi tawfiq.