Ndoto ambamo mutu anajua kwamba anaota

Mutu analala. Katika ndoto anakimbizwa, kisha anajiambia: «Hii ni ndoto tu.» Haamuki. Anaendelea kuota, lakini sasa anajua, na pengine anageuka kumutazama yule anayemukimbiza. Mwaka wa 1913, Mholanzi Frederik van Eeden aliandika juu ya ndoto za namna hii, ambazo yeye mwenyewe alizipata mara nyingi.

Wanasayansi wengi hawakukubali. Walisema mutu huyo anakuwa ameamuka kidogo. Na aliyelala atatoa ushahidi namna gani, na hawezi kusema?

Jibu lilitoka kwenye macho. Tangu 1953, watafiti wa Chicago walionyesha kwamba kuna saa za usiku ambapo macho ya mutu aliyelala yanakimbia-kimbia chini ya kope. Ndoto nyingi zinakuja saa hizo. Mwili wote unalegea, lakini macho hayalegei. Mwaka wa 1975 kule Hull, Uingereza, mutafiti Keith Hearne alipatana na muotaji mumoja: ukijua unaota, peleka macho kushoto na kuume mara nane. Mashine ikaandika alama hizo, na ikaonyesha vilevile kwamba mutu alikuwa amelala kweli. Stephen LaBerge alipata matokeo kama hayo Marekani. Mwaka wa 2021, watafiti wa inchi 4 walieleza namna waliuliza waotaji hesabu ndogo, kama 8 kutoa 6, na wamoja wakajibu kwa macho, wangali wamelala.

Kabla ya mashine hizo, Waevenki wa Siberia walikuwa na shamani wao. Anaitwa kazini kwa njia ya ugonjwa ao ndoto, na anapiga ngoma kusudi aende kutafuta uzima wa mugonjwa. Yeye halali, basi hali yake si ndoto. Lakini wote wawili wanaingia katika mambo ambayo wengine hawaoni, wakikumbuka kile wamekuja kufanya. Njo maana wanaochunguza fahamu wanawatazama wote wawili: akili haizimiki yote mara moja kama taa.

Mashine ina mipaka. Inaonyesha kwamba mutu alijua anaota. Haionyeshi kwamba roho yake ilisafiri. Na ndoto, hata ikionekana wazi kama muchana, inatengenezwa ndani ya kichwa cha mwenye kuota. Kumuona jirani katika ndoto si ushahidi kwamba jirani amefanya kitu.

Kwa wale wanaosumbuliwa na ndoto mbaya, sana sana kisha vita ao jeuri, kuna njia ambayo waganga wa akili wanatumia: muchana, mutu anaeleza ile ndoto, anachagua mwisho mwingine, kisha anaurudilia katika mawazo kila siku. Wengi wanaona ndoto inapunguza nguvu. Kama kumbukumbu ni nzito sana, ni vizuri kuifanya pamoja na munganga ao mushauri, si peke yako.