Hezekia na Amani ya Siku Zake

Leo twamtazama Hezekia, mfalme wa Yuda, aliyeanza kutawala akiwa na umri wa miaka 25, akatawala miaka 29 katika Yerusalemu.

Hezekia alimcha Mungu kwa matendo. Alipaondoa mahali pa juu, na hata nyoka ya shaba aliyoifanya Musa aliivunja, kwa kuwa watu waliifukizia uvumba. Tena alifikiri mbele. Alipoona Waashuri watakuja, alichimba mfereji ndani ya mwamba, kiasi cha meta 533, kuingiza mjini maji ya chemchemi ya Gihoni. Maandishi yaliyoonekana humo mwaka 1880 yaeleza jinsi mafundi walivyoanza pande mbili, wakasikia sauti za wenzao, hata wakakutana.

Mwaka 701 K.K. Senakeribu wa Ashuru akaja. Katika kumbukumbu zake ajisifu kwamba alitwaa miji 46 ya Yuda. Lakini juu ya Yerusalemu asema tu kwamba alimfungia Hezekia ndani; hasemi kwamba aliuteka. Hezekia aliikunjua barua ya vitisho hekaluni, akaomba, na Bwana akauokoa mji.

Katika siku hizo aliugua. Isaya alipomwambia kwamba atakufa, alilia sana, akaomba, akaongezewa miaka 15. Kisha wakaja wajumbe wa Babeli, naye akawaonyesha hazina zake zote. Isaya akamjia tena: hazina hizo zitachukuliwa Babeli, na baadhi ya uzao wake watatumikia huko. Safari hii Hezekia hakulia. Aliridhika, maadamu katika siku zake yeye kutakuwa na amani.

Manase mwanawe alirithi kiti akiwa na miaka 12, akapajenga upya mahali pa juu alipopabomoa baba yake. Na mwaka 586 K.K. Wababeli waliliteketeza hekalu.

Wapendwa, mtu aweza kuwaachia watoto maji, nyumba na shamba, asiwaombee hata siku moja. Hezekia alililia uhai wake. Uzao wake hakuulilia. Wewe mzazi, nawe mzee wa kanisa, wapiga magoti kwa ajili ya nani? Jioni ya leo, kabla ya kulala, wataje watoto wako mbele za Mungu, mmoja mmoja kwa jina lake.

Bwana awabariki. Amina.