Daawa ya Intel na AMD juu ya Leseni za x86

Daawa ya Intel na AMD ni jina la jumla la mashauri yaliyoendeshwa baina ya kampuni mbili za Marekani zinazotengeneza chipu za kompyuta, Intel na Advanced Micro Devices, ambayo kwa kifupi huitwa AMD, tangu mwaka 1987 mpaka Januari 1995, kisha yakazuka tena kwa sura nyingine kati ya 2005 na 2009. Nyaraka zilizoandikwa juu yake zingejaza ghala, lakini kiini chake kilikuwa kimoja: aliyepewa ruhusa ya kuiga kazi ya mwenziwe ameruhusiwa kuiga nini hasa, na mpaka lini, na je, mwenye kutoa ruhusa aweza kufunga mlango ilhali mgeni amekwisha keti sebuleni?

Kampuni hizi mbili ni ndugu wa ziwa moja, kwani waasisi wa zote mbili walitoka Fairchild Semiconductor, kiwanda cha California kilichowalea wahandisi wengi wa zama zile. Intel iliasisiwa Julai 1968 na Robert Noyce, mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganifu, pamoja na Gordon Moore, mwanakemia. Majina yao pekee yalitosha kuwafungulia mifuko ya matajiri, wakapata mtaji kwa wepesi wa ajabu. AMD ilifuata tarehe 1 Mei 1969 chini ya Jerry Sanders na wenziwe saba. Sanders hakuwa mtaalamu wa maabara bali mtu wa soko, fundi wa maneno na mpenda fahari, naye alitaabika sana kukusanya mtaji wake. Na miongoni mwa waliomtilia fedha alikuwamo Noyce mwenyewe, ambaye wakati ule, yamkini, hakuona hatari yoyote katika kumsaidia mtu aliyewahi kufanya kazi naye.

Ili kuifahamu daawa hii yapasa kwanza kuifahamu desturi ya biashara ya chipu katika miaka ya 1970, desturi ambayo msomaji wa leo aweza kuiona ni kichekesho. Mnunuzi mkubwa, awe jeshi au kampuni ya kuunda mashine, hakukubali kuijenga bidhaa yake juu ya chipu itokayo katika kiwanda kimoja tu, maana kiwanda chaweza kuungua, wafanyakazi waweza kugoma, na utengenezaji wa silikoni wenyewe, ambao vumbi dogo tu huuharibu, waweza kutoa mafungu mazima ya chipu mbovu bila mtu kujua sababu; nani ajengaye jahazi akakubali kutegemea mshona tanga mmoja? Hivyo aliyebuni chipu alilazimika kumtafuta mtengenezaji wa pili, akampa michoro yake na leseni ya kuitumia, akimfuga mshindani wake kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu bila ya mshindani huyo hapakuwa na mnunuzi.

AMD iliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa nyuma. Intel ilipotoa prosesa yake ya 8080 mwaka 1974, AMD iliunda nyingine iliyofanana nayo, Am9080, kwa kuichunguza ile ya asili na wala si kwa idhini ya mwenyewe. Mwaka 1976 pande mbili zilikubaliana kuhalalisha mambo: zikapeana leseni za hataza, na AMD ikaruhusiwa kunakili mikrokodi iliyomo katika "maikrokompyuta" za Intel na vifaa vyake vya pembeni. Mikrokodi ni yale maagizo madogo madogo yaliyozikwa ndani ya chipu, ambayo huiambia hatua kwa hatua namna ya kuitimiza kila amri kubwa inayoletwa na programu. Msomaji na alikumbuke neno hilo maikrokompyuta, maana waliolitia katika mkataba hawakulifafanua, na baada ya miaka kumi na mitano majaji na mawakili walilitafuna mpaka likaisha ladha.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ndogo ya mezani, na ndani yake ilikuwamo prosesa ya Intel, 8088, mdogo wake 8086 iliyotoka mwaka 1978. IBM, kwa mujibu wa ile desturi, ilitaka mtengenezaji wa pili, na mwaka 1982 Intel na AMD zikatia saini mkataba wa kubadilishana ufundi kwa muda wa miaka kumi. Kila upande ungeweza kupata haki ya kutengeneza bidhaa za mwenziwe kwa kumpa za kwake zenye thamani inayolingana, mfano wa majirani wanaokopeshana unga na sukari huku kila mmoja akihesabu vibaba moyoni. Kwa mkataba huo AMD ilitengeneza 8086, 8088, kisha 80286, na viwanda vilivyoiga kompyuta ya IBM, navyo vilikuwa vingi, vikawa wanunuzi wao.

Mapatano yalivunjika juu ya prosesa ya 386. Intel iliitangaza Oktoba 1985, ikiwa na transista 275,000, zaidi ya maradufu ya zile 134,000 za 286, na mwaka huohuo ilikuwa imeiacha biashara ya chipu za kumbukumbu ambako Wajapani walikuwa wameishinda kwa bei. Ilitambua, basi, kwamba riziki yake yote sasa iko katika prosesa, na kwamba soko lililokwisha jaa programu za familia hii, iitwayo x86 kwa ajili ya tarakimu za mwisho za majina ya chipu zake, halingeweza tena kuihama. Kampuni ya Compaq ilipouza mashine yenye 386 mwaka 1986 bila hata kuingojea IBM, ikadhihirika kwamba mnunuzi hatadai tena mtengenezaji wa pili. Kwa nini basi kugawana? Intel ilikaa na michoro yake. Hata hivyo haikusema waziwazi kwamba haitaitoa. Mazungumzo yaliendelea, bidhaa ambazo AMD ilizipeleka ili zihesabiwe katika ile mizani ya kubadilishana zikapatikana na kasoro, na AMD ikangoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kule kungojeshwa ndiko kulikowaudhi watu wa AMD kuliko kunyimwa kwenyewe.

Mkataba uliagiza kwamba tofauti zipelekwe kwa msuluhishi, na AMD ilikwenda mahakamani mwaka 1987 kuomba agizo hilo litekelezwe. Msuluhishi alikuwa jaji mstaafu wa California, J. Barton Phelps, aliyewasikiliza kwa muda wa miaka minne na nusu, muda ambao katika biashara hii watosha kuzaliwa kwa prosesa mpya na kuzeeka kwa ya kale. Uamuzi wake wa mwaka 1992 wastahili kusomwa na kila anayedhani kwamba hukumu njema ni ile inayomfurahisha mmoja. Alisema Intel haikulazimishwa na mkataba kuitoa 386 kwa AMD. Lakini ilivunja wajibu wa uaminifu uliomo ndani ya kila mkataba hata usipoandikwa, kwa kumweka mwenziwe katika matumaini ambayo yenyewe haikukusudia kuyatimiza. Wala AMD haikutoka bila lawama, kwani ilichelewa kuanza kuunda ya kwake. Kwa yote hayo AMD ilipewa zaidi ya dola milioni 10 pamoja na riba, na juu yake leseni ya kudumu isiyolipiwa mirabaha kwa haki yoyote ya Intel iliyokuwamo katika chipu yake ya Am386.

Leseni hiyo ilikuwa na thamani kupita fedha zile. AMD ilikuwa imekwisha iunda Am386 kwa kuifumua ile ya Intel na kuisoma, ikaitoa Machi 1991, na toleo lake la megahezi 40 lilizipita megahezi 33 za mwenye asili. Intel ikakata rufaa kwamba msuluhishi hawezi kutoa kitu ambacho mkataba wenyewe haukukitoa. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka 1993. Na Mahakama ya Juu ya California, tarehe 30 Desemba 1994, ikaitengua hukumu hiyo na kuyarudisha maneno ya Phelps, ikisema kwamba tiba ya msuluhishi yatosha iwe na uhusiano wa kiakili na mkataba uliovunjwa. Mawakili wa Marekani huitaja hukumu hii mpaka leo katika mashauri ya nyumba, bima na ujenzi, na wengi wao hawajapata kuiona 386 kwa macho.

Sambamba na hayo lilikuwapo shauri la mikrokodi, ambalo mizizi yake ilianzia kwa Wajapani. Mwaka 1984 kampuni yao ya NEC ilitoa chipu zake V20 na V30 zilizoweza kuendesha programu za 8088 na 8086, na Intel ikadai kwamba mikrokodi yake imeibwa. Jaji wa kwanza aliamua mwaka 1986 kwamba mikrokodi inalindwa na hakimiliki kama kitabu kinavyolindwa, lakini hukumu yake ikafutwa ilipobainika kuwa alikuwa mwanachama wa klabu ya uwekezaji yenye hisa za Intel, na fungu lake yeye halikuzidi takriban dola 80: pesa ya kununua viatu, ikaangusha kesi ya mamilioni. Jaji wa pili, mwaka 1989, alithibitisha kwamba mikrokodi yaweza kuwa na hakimiliki, ila NEC haikunakili, na zaidi ya hapo Intel ilikwisha ipoteza haki yake kwa kuwaacha wenye leseni wauze chipu zisizo na tangazo la hakimiliki juu yake.

Intel ikaigeuzia AMD silaha hiyohiyo, ikianza na chipu ya hesabu iitwayo 287. AMD ikautoa mkataba wa 1976: je, hatukuruhusiwa kunakili mikrokodi? Intel ikajibu kwamba ruhusa ile ilikuwa ya maikrokompyuta, na chipu peke yake si kompyuta. Juri, yaani baraza la raia wa kawaida waliokaa kuamua, liliipa Intel haki mwaka 1992. Kesi ikarudiwa ilipogunduliwa kuwa zipo hati ambazo Intel haikuzitoa. Na baraza lingine, Machi 1994, likaipa haki AMD. Hata hivyo, katika shauri jingine la mwaka huohuo AMD ilishindwa kuhusu sehemu ya mikrokodi ya 486, mrithi wa 386, itumikayo katika kuipima na kuiiga chipu, hivyo kila upande ukabaki na jeraha la kuuguza.

Katika mtafaruku huo Intel ilijaribu pia kuzimiliki tarakimu 386 kama alama ya biashara, mahakama ikakataa mwaka 1991, na ndiyo sababu mrithi wa 486 hakuitwa 586 bali Pentium, jina lililotolewa katika neno la Kiyunani lenye maana ya tano. Kampuni ndogo ya Texas, Cyrix, ilipita njia yake: iliagiza chipu zake zitengenezwe katika viwanda vya wenye leseni ya Intel, ikatoa hoja kwamba kilichotengenezwa na mwenye ruhusa hakina wizi ndani yake.

Mapatano ya Januari 1995, siku chache tu baada ya hukumu ya California, yalimaliza mashauri yote kwa pamoja. AMD ililipa dola milioni 58 kwa ajili ya ile mikrokodi ya 486, Intel ikalipa takriban dola milioni 18 kwa mujibu wa uamuzi wa Phelps, na AMD ikabaki na haki ya mikrokodi ya 386 na 486 lakini si ya chipu zilizofuata, jambo lililoilazimisha tangu hapo kubuni kwa akili yake yenyewe.

Na ikabuni. Mwaka 2003 AMD ilitoa prosesa ya Opteron, iliyoipanua lugha ya x86 kutoka biti 32 hadi 64, wakati Intel ilipokuwa ikiwashawishi watu waihamie familia nyingine kabisa, Itanium. Wanunuzi hawakuhama, na mwaka 2004 Intel iliichukua lugha ya AMD na kuitia katika chipu zake, ikiwezeshwa na leseni za kupeana ambazo pande mbili zilikuwa zimezihuisha mwaka 2001. Tangu siku hiyo mwenye nyumba naye ni mpangaji: Intel yahitaji ruhusa ya AMD kama AMD inavyoihitaji ya Intel.

Ugomvi wa mwisho haukuhusu kuiga bali soko. Juni 2005 AMD iliishtaki Intel huko Delaware kwamba iliwapa waunda kompyuta punguzo la bei kwa sharti la kutonunua kwa mshindani, shutuma ambayo Intel iliikana. Nayo Tume ya Ulaya, Mei 2009, iliitoza faini ya euro bilioni 1.06, ambayo mahakama za Ulaya ziliitengua baadaye, 2022 na 2024. Katikati ya hayo AMD, iliyokuwa taabani kwa madeni, ilivitenga viwanda vyake, vikiwamo vya Dresden, Ujerumani, na kuviunganisha na fedha za kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Abu Dhabi. Ndivyo ilivyozaliwa GlobalFoundries mwaka 2009, na mji uliojulikana pwani yetu kwa mafuta ukawa na sehemu katika ugomvi wa kampuni mbili za California. Intel ilidai kwamba kampuni hiyo mpya si tanzu ya AMD na kwa hiyo leseni ya 2001 haiifuniki. Hoja hiyo haikuamuliwa na jaji yeyote: Novemba 2009 Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25, mashtaka yakaondolewa, na leseni mpya ya kupeana ikatiwa saini kwa miaka mitano, ikiwa na sharti kwamba hukoma mmoja wao anaponunuliwa na kampuni nyingine. Oktoba 2024, ushindani wa chipu za familia nyingine iitwayo Arm ulipozidi, kampuni hizo mbili ziliunda baraza la pamoja la ushauri juu ya mustakabali wa x86, zikaketi meza moja.